Jicho Moja la Polisi

Nakumbuka siku niliyomsukuma mbwa kwa wilbaro kutoka Gatwekera mpaka Kawangware, hapa Nairobi, mchana kweupe, watu wakinicheka njia nzima. Cheka na wewe, mwanangu, sikuzuii; hata mimi siku hizi hucheka. Siku ile sikuwa na kicheko. Mbwa hakuwa wangu, alikuwa amebakiwa na jicho moja tu la kuonea, na jicho hilo nilikuwa naliharibu kwa mikono yangu mwenyewe huku nikijiona muuguzi hodari.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi, kwenye ngazi za gorofa za Soweto East, nilimkuta binti wa jirani amemshika mbwa wake kichwa, anataka kumtia dawa ya macho iliyobaki kwa nyanya yake. Nikamwambia angoje kwanza. Akanitazama. "Kwani mzee, si dawa ya macho ni ya macho?" Neno hilohilo nililiamini nikiwa na miaka ishirini na mitano, na liligharimu wiki tatu za maumivu ya kiumbe kisichojua kusema. Basi kaa nikusimulie, na kama una sufuria jikoni, punguza moto.

Nilikuwa fundi wa plasta, wa kupaka kuta saruji. Nilitoka upande wa Bungoma bila kumjua mtu Nairobi, na aliyenipokea alikuwa Mama Atieno, mjane aliyekaanga samaki mlangoni pake Gatwekera. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Mimi Mbukusu, yeye Mjaluo; hakunizaa, lakini malaria iliponiangusha ndiye aliyeninywesha uji. Masikio yake yalikuwa mazito sana. Ubishe mlango hasikii, umwite akiwa amekupa mgongo hageuki. Kilichomsikilizia ni mbwa wake. Mgeni akija, mbwa alimvuta Mama leso. Mafuta yakitaka kushika moto, alimrukia na kubweka mpaka ageuke.

Mbwa huyo aliitwa Polisi. Mama Atieno alipomwita jioni, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Polisi! Polisi!", wanywaji wa chang'aa, ile pombe haramu, wa nyumba ya tatu walikuwa wakimwaga vikombe na kutokea dirishani. Mwenye pombe alimsihi mara nyingi abadilishe jina, akakataa, akasema mbwa ameshalizoea. Jicho la kushoto Polisi alilipoteza kwa jiwe alipokuwa mdogo. Alikuwa mzee sasa, mdomo umeanza mvi, anaonea la kulia tu.

Ikawa dada yake Mama Atieno amefariki huko kwao karibu na ziwa, naye akasafiri kwenda kwenye matanga. Aliniachia ufunguo na mbwa.

"Wafula," akaniambia, "vitu vikiibiwa nitanunua vingine. Huyu nikimpoteza, nimekwisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sema kwa nguvu."

"NIMESIKIA!" Hata wa nyumba ya tatu walisikia.

Siku ya tatu nilirudi kutoka mjengoni nikamkuta Polisi amelala kizingitini, jicho amelifumba, machozi yanamchuruzika mpaka puani. Sijui alichomwa na kijiti, sijui alijikuna vibaya. Hilo mpaka leo sijalijua. Nikamfungua kope kwa vidole. Jicho lilikuwa jekundu, na katikati palikuwa na alama ndogo iliyofifia, mfano wa pumzi ya mtu kwenye kioo.

Hapo ndipo ningepaswa kuuliza. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga, lakini kijana husikia methali hiyo akadhani inawahusu wajinga. Mimi nilimkumbuka babu yangu. Kwetu, ng'ombe akiingiwa na ukungu jichoni, babu alitafuna chumvi akamtemea. Nikatafuna chumvi. Nikamtemea Polisi. Alilia mlio ambao sijawahi kuusikia tena kwa mbwa, akajichimbia chini ya kitanda cha Mama Atieno, akakaa humo mpaka kesho yake. Na wale ng'ombe wa babu? Nilipokuja kufikiri vizuri, wengi wao walikufa na ukungu wao.

Kesho yake mwenzangu wa mjengoni, Musa, akanipa kichupa. Macho yake yalikuwa yakimwasha kwa vumbi, akapewa dawa hospitalini.

"Hii ilitoa wekundu siku mbili tu," akasema. "Wekea yeye tone moja."

"Lakini huyu ni mbwa, Musa."

"Kwani mbwa ako na nini hapo, pua? Dawa ya macho ni ya macho, bana."

Nikamtia jioni, na kweli, mwanangu, asubuhi yake Polisi alilifungua jicho. Wekundu umepungua, machozi yamekauka, mkia unapiga sakafu. Nilijisifu mpaka nikaimba. Nakwambia hili ili ujue kwamba kosa langu halikunijia na uso mbaya. Lilinijia na nafuu, nami nikalikaribisha.

Baada ya siku nne jicho likaanza kuingia ukungu wa buluu. Polisi akagonga kigoda ambacho kilikuwa mahali palepale miaka yote. Nikaweka mkono mbele ya jicho lake, akachelewa kupepesa. Nikamwona kabisa kwa mawazo Mama Atieno akishuka basi na mizigo yake, amkute mbwa wake anapapasa ukuta.

Ndipo nikaazima wilbaro ya mjengo. Nilikuwa nimesikia kwamba Kawangware, nyuma ya duka moja la chakula cha kuku, kuna daktari wa mifugo, mzee Njuguna, aliyestaafu kazi ya kuzunguka mashambani. Nikatandika gunia, nikampakia mbwa, tukaondoka. Kwenye barabara ya Ngong muuza mahindi akanipigia kelele, "Niaje fundi! Kumbe siku hizi mbwa ndio wanabebwa, na sisi bado tunapiga mguu?" Nilikuwa naangalia mashimo ya njia, jicho lisitikisike.

Daktari Njuguna alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtia Polisi tone la dawa ya rangi ya machungwa, akalisafisha jicho, akalimulika kwa tochi yenye mwanga wa buluu. Katikati ya jicho pakang'aa doa la kijani, dogo kuliko kifungo cha shati.

"Hapo penye kijani ngozi imetoka," akasema. "Hiki ni kidonda, kiko kwenye kioo chenyewe cha jicho. Umemwekea nini kabla ya kuja?"

Niliangalia magunia ya chakula cha kuku.

"Maji tu, daktari."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu na nzuri, inanitosha kufika nyumbani bila kuchekwa. Akanipa dawa ya kuua vijidudu, mara nne kwa siku. Akakata kitako cha ndoo kuukuu, akamvisha Polisi shingoni asiweze kujikuna, akasema turudi baada ya wiki.

Dawa ile haikunifurahisha. Siku ya pili mbwa bado amefumba, siku ya tatu vilevile, na Mama Atieno angeweza kurudi siku yoyote. Mimi nilitaka kitu cha kuonekana. Kwa hiyo dawa ya daktari niliitia mlangoni, majirani wakiniona, na kile kichupa cha Musa nilikitia nikishafunga mlango. Jicho lilitulia kila mara, nami moyo ukatulia pamoja nalo.

Wiki ikaisha, tukarudi. Doa la kijani lipo palepale. Daktari akabadilisha dawa.

"Kuna kitu kingine unamwekea?"

"Hakuna, daktari."

Akanitazama kidogo. "Vidonda vingine ni vikaidi vyenyewe, haswa kwa mbwa wazee. Tutaona."

Wiki ya pili ikaisha, tukarudi tena na wilbaro yetu. Safari hii doa lilikuwa limepanuka. Daktari alizima tochi, akanawa mikono taratibu, akaketi juu ya gunia.

"Nikishindwa kujua shida iko wapi," akasema, "jicho hili litatoboka, na itabidi nilitoe. Atakuwa kipofu kabisa." Kisha akaniuliza kitu nisichokitarajia. "Wewe kijana unafanya kazi gani?"

"Plasta, daktari."

"Ukipewa ukuta wa zamani, rangi imeanza kubanduka, unapiga plasta juu yake?"

Nilikaribia kucheka, hilo hata mbeba karai wa siku ya kwanza analijua. "Hapana, daktari. Ukipiga hivyo itashika leo, wiki ijayo unaiokota chini. Kwanza unabandua yote imeachia. Halafu unakwaruza ukuta upate meno. Plasta inashika kwa meno."

"Kuja uone basi."

Akanipa kioo cha kukuzia, akanionyesha kingo za kidonda. Zilikuwa zimeinuka kidogo, ngozi nyembamba imelegea kama utando juu ya maziwa.

"Ngozi mpya inakuja kila siku," akasema, "lakini haipati mahali pa kushika, inakaa juu juu tu, inaachia. Hii iliyolegea haiwezi kutolewa na matone. Nitaitoa mimi, halafu nikwaruze kidogo chini yake ipate hayo meno yako. Nitamwekea ganzi kwanza. Na wewe usiwahi kujaribu hii kazi na pamba huko kwako nyumbani, umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sawa. Sasa niambie ingine, fundi. Ukuta ukiwa na bomba inavuja ndani, hata ukikwaruza namna gani?"

"Plasta itaanguka tu. Lazima uzibe maji kwanza."

"Basi niambie maji inavuja wapi. Hii ni mara ya tatu nakuuliza."

Mwanangu, mtu anaweza kukudanganya kwa lugha ya watu wote, lakini ukimwuliza kwa lugha ya kazi yake mwenyewe, atajificha wapi? Niliingiza mkono mfukoni nikatoa kichupa cha Musa.

Daktari alikipokea, akakisogeza mbali na macho yake ili asome. Akasoma mara mbili.

"Hii ni ya mtu ameshikwa na mzio," akasema polepole. "Inatoa wekundu, inapunguza uchungu, kwa hiyo unaona kama inaponya. Kwa jicho liko na kidonda, inazuia ngozi kuota, na inaweza kulitoboa. Nikijenga, wewe unabomoa. Mimi nimerudi kwa vitabu zangu za zamani usiku na mchana kutafuta nimekosea wapi, kumbe makosa iko kwa mfuko yako. Kunidanganya mimi, sawa, mimi ni mtu, nitakusamehe. Lakini huyu alikuwa anakufungulia jicho kila siku sababu anakuamini."

Nilisimama pale na mikono yangu ya saruji, nikalia. Sikuona haya. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikaona niingize na mzigo uliobaki.

"Na chumvi pia, daktari. Nilimtemea chumvi."

Mzee akanitazama, akaitazama dari. "Ngai! Na pilipili ulisahau?"

Tukacheka, yeye kwanza, mimi nikifuata na machozi yangu. Na pale pale nikajisikia mwepesi. Hakuna kilichopona bado, mbwa amefumba jicho lake vilevile, lakini kulikuwa na raha ya ajabu kwamba sasa sote wawili tunautazama ukuta mmoja, hakuna tena anayeficha ufa.

Akatia ganzi. Nikamkumbatia Polisi kichwa, nikimnong'oneza Kibukusu, ambacho hakukijua. Daktari akachukua kijiti chenye pamba kavu, akaanza kusugua taratibu kutoka katikati kwenda nje, na ile ngozi iliyolegea ikatoka, nyingi kuliko nilivyodhani. Kidonda kikawa kikubwa maradufu. Nikasema, "Daktari, unaongeza!" Akanijibu bila kuinua macho kwamba hata mimi nikibandua rangi mbovu, mwenye nyumba huona namharibia. Kisha kwa ncha ya sindano, mkono umetulia ajabu, akachora mistari myembamba ya kwenda na ya kukata. Niliitambua kazi ile. Ningemwajiri.

Kichupa cha Musa kilibaki kwake. Mimi nilirudi na dawa moja tu, ndoo shingoni mwa mbwa, na amri ya kurudi baada ya siku kumi.

Siku ya sita Mama Atieno akarudi. Nilimsikia nje akiita, "Polisi!", dirisha la nyumba ya tatu likafunguka kwa kishindo, na mbwa akatoka mbio, ndoo yake ikigonga mlango pande zote mbili. Mama akaduwaa. Akapiga magoti, akamshika uso, akaliona jicho.

"Wafula, nini hii?"

Nikainama karibu na sikio lake, nikaanza kumweleza kwa sauti ya chini.

"Sisikii. Sema kwa nguvu."

Sasa, mwanangu, fikiria. Kuna watu huungama kanisani, kwa mnong'ono. Mimi niliungama kwa kupiga kelele, katikati ya Gatwekera, jua limewaka, samaki wa jirani wakiwa kwenye mafuta. "NILIMWEKEA DAWA YA MUSA! NIKAMDANGANYA DAKTARI! MARA MBILI!" Watu wakatoka milangoni. Mmoja akauliza Musa ni nani. "NA CHUMVI!" nikamalizia, maana sikutaka kubakiza kitu.

Mama Atieno hakunitukana. Alimpapasa mbwa, halafu akanyoosha mkono. "Dawa iko wapi? Anawekewa saa ngapi?" Nikampa. Siku nne zilizofuata hakunisemesha neno lingine, ila sahani ya samaki aliisukuma kwangu kila jioni, bila kuniangalia. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa, na niliona afadhali hivyo kuliko siku zote zile nilizokuwa nafunga mlango.

Siku ya kumi tulikwenda Kawangware wote watatu, mimi nikisukuma, Mama akitembea kando ameshika ukingo wa wilbaro. Daktari Njuguna akatia rangi yake. Akaosha. Akawasha tochi. Akainama upande huu, akainama upande ule. Mimi nilikuwa natafuta ile kijani, na sikuiona, na sikuyaamini macho yangu.

"Imeshika," akasema kwa sauti yake ndogo. "Kwaruzo lote limefunikwa. Kovu itabaki kidogo, lakini ataona."

Mama Atieno akanivuta shati. "Amesema nini? Wafula, daktari amesema nini?"

"AMEPONA, MAMA! ATAONA!"

Aliniachia shati, akanipiga mgongoni kofi moja la nguvu, ambalo nadhani lilikuwa na hasira yote ya siku nne, kisha akanikumbatia hapohapo juu ya magunia, akimwita Mungu kwa lugha yake, "Nyasaye, Nyasaye," akilia kwa sauti kubwa asiyoisikia. Daktari akamvua Polisi ndoo. Mbwa akajitikisa, akasimama mlangoni akitazama barabara, kuku, watu, kila kitu kwa zamu. Mwanangu, nimepiga plasta nyumba nyingi, nyingine ndefu kuliko minara, lakini sijawahi kusimama mbele ya kazi iliyokamilika nikapumua kama nilivyopumua siku ile.

Sasa nisikilize vizuri. Ukiwa na mbwa, au mtoto, au wewe mwenyewe, jicho likiuma usilitibu kwa kichupa cha jirani. Macho hayafanani kwa sababu tu yote yanaitwa macho, na dawa inayotuliza inaweza kuwa ndiyo inayoua. Peleka mapema kwa anayejua, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na jicho hakuna fundi wa kulijenga upya. Kidonda kikikaa wiki mbili bila kupona, usiseme tu kwamba kina kichwa kigumu. Rudi kaulize ni kitu gani kimelegea pale juu kinachozuia kipya kisishike. Mara nyingi utaambiwa kitolewe kwanza, na kikitolewa kidonda kitaonekana kikubwa zaidi, nawe utatamani kukimbia. Usikimbie.

Na zaidi ya hayo yote, anayekutibu usimfiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi sikuwa naficha maradhi yangu, nilikuwa naficha aibu yangu, nikamwacha asiye na kinywa aumie kwa niaba yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hata baada ya kusamehewa. Aibu ni ya siku moja. Nilichekwa pale Gatwekera mchana mmoja, wakasahau wakarudi kwenye vikombe vyao.

Nenda basi. Mungu akulindie macho yako na ya wale wanaokufungulia yao bila shaka moyoni. Akupe katika safari yako mtu wa kukuuliza ukweli mara tatu bila kuchoka, na wewe akupe moyo wa kumjibu mara ya kwanza.